Nyota Nilizozifuta kwenye Kadi za Devota

Mtu akikuletea kazi yenye weusi mwingi, kanawe mikono kwanza. Sisemi kwa mafumbo. Nenda bombani, tumia sabuni, sugua mpaka kwenye kucha, jikaushe vizuri, ndipo urudi ushike karatasi. Weusi uliochapwa hupokea alama ya kidole kama ukuta mpya unavyopokea tope la mtoto. Na mteja hatakwambia kwamba ameiona. Atashukuru, ataondoka, na safari ijayo utamwona anaingia duka la jirani.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya uchapaji hapa Bukoba, hasa ninyi mnaonisimamisha Rwamishenye na kuniuliza mambo ya rangi wakati nimebeba mkungu wa ndizi kichwani. Nimestaafu, jamani. Siku hizi ninapalilia kibanja changu Kibeta na kugombana na kuku wa jirani. Ila maswali yenu ni mazuri, na barabarani siwezi kuyajibu sawasawa, kwa hiyo nimekaa chini niandike.

Kwa miaka thelathini na ushee nilifanya kazi katika duka moja la uchapaji mjini. Nimechapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, ratiba za misa, lebo za chupa za asali, na matangazo ya misiba yaliyoletwa na watu wanaotetemeka mikono. Kazi iliyonifundisha kuliko zote ilikuwa ndogo kuliko zote: kadi za biashara za mwanamke muuza samaki kutoka visiwa vya Muleba. Lakini siwezi kufika kwake kabla sijawaambia habari za chawa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Projestus. Yeye alijifunza kwa mapadre, enzi za herufi za risasi zilizopangwa moja moja, kinyumenyume, kwa vidole. Angeweza kusoma gazeti lililopinduliwa kichwa chini akiwa anakunywa chai. Alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa karatasi. Kitu alichokichukia duniani ni kidoa cheupe kinachobaki ndani ya rangi pale vumbi linapokaa kwenye mashine. Vidoa hivyo aliviita chawa. Kila asubuhi alinipa karatasi iliyotoka kuchapwa na kioo cha kukuzia, kile kidogo cha kuweka jichoni, akaniambia nitafute chawa watatu. Nisipowapata, hakuna chai.

Miezi ya kwanza nilikunywa chai mara chache. Baadaye jicho likafunguka. Nilikuwa naona chawa kabla hata sijainama. Mashine za zamani zilipoondoka na kompyuta ikaja, mzee hakutaka kuigusa, lakini alivuta kiti akakaa nyuma yangu, akawa ananionyesha chawa kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu. Watu walianza kutuletea picha za zamani za wazazi wao, zimekunjwa, zimeliwa na mende, na mimi nilizisafisha mpaka marehemu anatazama kama aliyetoka kunawa uso. Ukichukua rangi ya pembeni na kuipaka juu ya kidoa, polepole, kidoa kinapotea na hakuna anayejua kilikuwepo. Nilipata jina mjini kwa kazi hiyo. Mkiwa na picha ya kusafisha, watu walisema, mpelekeeni Adventina.

Basi Devota akaja akanikuta na jina hilo, na ndilo lililoniponza.

Alikuwa mama mrefu, wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za injini ya boti. Alizaliwa Muleba bara, kwenye familia ya kahawa na migomba kama sisi wengi, lakini tangu usichana wake aliishi kisiwani, akinunua samaki na dagaa kwa wavuvi na kuwasafirisha. Aliniambia kwamba alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa wafanyabiashara, na pale kila mtu alikuwa anatoa kadi mfukoni na kumpa mwenzake. Yeye alichana ukurasa wa daftari akaandika namba yake ya simu. Wengine walikipokea kile kikaratasi kwa heshima, alisema, na heshima ile ndiyo iliyomuuma.

Nilimwonyesha picha ya sangara niliyokuwa nayo, mkubwa, mdomo wazi. Niliipenda sana picha ile. Nilishaiweka kwenye kadi za watu wanne.

"Samaki wangu wanajulikana tayari," alisema. "Sasa nataka nijulikane mimi."

Akatoa flashi iliyofungwa kwenye funguo zake, akaniambia humo kuna picha moja tu. Nikaifungua.

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimekaa na picha maisha yangu yote na sikujua ninachokitazama. Ni kama moshi, ule mzito wa kuchoma majani mabichi, ila moshi huu ulikuwa na wekundu wa ndani ya pera, na pembeni ukageuka zambarau, na mahali fulani bluu iliyopauka. Ulikuwa umetanda kama ndege aliyefungua mabawa. Nyuma yake weusi, weusi usio na mwisho. Nilimuuliza ni mchoro wa nani. Akasema si mchoro, ni picha iliyopigwa, na kitu chenyewe kiko, akanyoosha kidole kuelekea dari. Inaitwa nebula, akasema. Wingu la huko kwenye nyota. Bwana samaki wa kisiwani kwao, yule ofisa anayekagua nyavu, ndiye aliyempakulia kutoka mtandaoni, kwa sababu wenye darubini kubwa huziachia picha zao watu wote wazitumie.

Nilitikisa kichwa kwa adabu. Kwa kweli nilidhani mama huyu amependa tu rangi. Tulikubaliana: upande mmoja jina lake, kazi yake na simu, upande wa pili picha ile nzima. Aliacha flashi, akasema anarudi Ijumaa.

Nilipoikuza ile picha kwenye kompyuta, nikaona imejaa chawa.

Mnajua nilichofanya. Nilikaa siku nzima. Nilianza pembeni nikaenda ndani, kidoa kimoja kimoja, vidogo kama unga, vingine vikubwa kama mchele. Nilipofika katikati kabisa, pale penye mwanga mkali, nikakuta vinne vimebanana pamoja, vyeupe kupita vyote. Nikasema hivi ndivyo vibaya zaidi, mtu aligusa lenzi kwa kidole kichafu. Nilivifanyia kazi kwa uangalifu wa pekee, nikavifunika kwa ule wekundu wa pera, nikalainisha mpaka pakawa kama kitambaa cha altare. Sikuruka hata kimoja. Mzee Projestus siku hiyo hakuwepo, alikuwa nyumbani na mafua, nami nilisikitika kwamba hatauona usafi ule.

Nisimame hapa kidogo niwape mambo ya kazi, kwa sababu kadi zenyewe zilichapwa vizuri na hilo sitalikana. Weusi wa namna hiyo msichape kwa wino mweusi peke yake. Utatoka kijivu kama masizi yaliyonyeshewa. Tieni bluu chini yake, kiasi, ndipo unakuwa na kina. Herufi nyeupe juu ya weusi ziwe nene, maana wino huvamia, na herufi nyembamba hujaa ukasoma kitu kingine. Niliwahi kumchapia fundi cherehani jina lake likasomeka kama la mtaa. Na weusi uvuke mstari wa kukatia kwa upana wa ukucha, na kisu cha mashine ya kukatia kiwe kimenolewa, la sivyo kingo zinamenyeka na kadi inabaki na uzi mweupe pembeni. Kisu kikiwa butu, hata kazi ya malaika itaonekana ya mlevi.

Ijumaa mchana Devota alikuja. Nikampa kadi ya kwanza juu ya kiganja changu kilichooshwa. Aliitazama, akaigeuza, akasoma jina lake, akatabasamu. Akaigeuza tena. Kisha akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akasimama huko muda mrefu, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Dada Adventina, zimekwenda wapi?"

Nikauliza zipi.

"Nyota."

Nilimweleza kwa fahari, Mungu anisamehe, kwamba picha yake ilikuwa na uchafu mwingi na nimeusafisha bila kumtoza. Alirudi mezani polepole, akaiweka kadi chini, akaweka kidole katikati.

"Hapa palikuwa na nne. Mwalimu alituambia hizo nne ndizo zinazoliwasha wingu zima. Sasa hili linawashwa na nini?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alivuta kiti akakaa, akanisimulia.

Alipokuwa kidato cha tatu huko Muleba, alikuwa na mwalimu wa fizikia aliyeitwa Mwalimu Novatus. Shule haikuwa na maabara ya maana wala darubini. Mwalimu alikuwa na kitabu kimoja cha zamani, na chaki. Jioni aliwatoa nje, akawaonyesha zile nyota tatu zilizopangana ambazo kila mmoja wetu amewahi kuziona, na karibu nazo alama ndogo yenye ukungu, kama mtu amepumulia kioo. Kesho yake aliingia darasani akauchora ukungu ule ubaoni, ubao mzima, kwa upande wa chaki, mpaka koti lake likawa jeupe. Mwisho kabisa akageuza chaki akagonga mara nne katikati. Akawaambia: hii yote ni moshi, moshi hauna mwanga wake, wanaouwasha ni hawa wanne, na kila mmoja wao ni jua, kubwa kuliko jua letu. Akawaambia kwamba mwanga walioutazama jana jioni ulitoka kule kabla babu wa babu zao hawajazaliwa, ukasafiri muda wote huo, ukaingia machoni mwao pale uwanjani.

Mwaka uliofuata baba yake alifariki, naye Devota akaacha shule akaenda kisiwani kwa shangazi yake kukausha dagaa. Alisema miaka ile ya kwanza ilikuwa migumu, watu wa kila kabila, ugomvi, boti, malaria, na yeye hajui mtu. Lakini huko kisiwani anga ni safi kuliko bara, na ule ukungu alikuwa anauona. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua. Lilimsaidia, alisema tu hivyo, sikumuuliza zaidi.

Sasa mwalimu alikuwa mzee, amestaafu, yuko kwake Kamachumu, na macho yalikuwa yanakufa. Ni presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha kuzima. La pili lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mwanzi, na daktari alishasema kwamba tundu lile linazidi kuziba na halitarudi. Nilimuuliza Devota kwa nini basi asimpelekee picha kubwa, ya ukutani. Akaniambia kubwa haitamsaidia. Angeona kipande tu. Kadi ndiyo inayoingia yote ndani ya tundu lake. Alitaka kadi za biashara, ni kweli, lakini ya kwanza kutoka alitaka iwe ya mwalimu, Jumapili baada ya misa, kabla hajarudi kisiwani. Safari nyingine ya bara hakujua itakuwa lini, na macho hayamsubiri mtu.

Nilitazama ile picha kwenye kompyuta yangu, safi, haina hata kidoa. Nilikuwa nimeyazima majua mamia kwa siku moja, kisha nikaenda nyumbani nikala chakula changu nikalala.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitarudisha picha ya mwanzo. Nikafungua flashi yake. Nilikuwa nimefanyia kazi ndani ya flashi yenyewe, na kila nilipohifadhi nilihifadhi juu ya ile ile. Ya mwanzo haikuwepo tena. Vijana, hili liandikeni ukutani: kazi ya mteja usiigeuze ilipo. Inakili kwanza, ya asili ifungie mbali, ufanye uharibifu wako kwenye nakala.

Jumamosi asubuhi Mzee Projestus alikuja, shingo kaifunga kitambaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. Nilitegemea ukali. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaniambia jambo ambalo miaka yote hakuwahi kuniambia. Alipokuwa kijana alichapa kadi za harusi mia mbili akaweka jina la msimamizi wa bwana harusi mahali pa bwana harusi, zikagawiwa, na wazee wa pande zote mbili wakakutana kwa dharura kuuliza kumetokea nini. Bibi harusi, alisema, ndiye pekee aliyesema tusubiri kwanza tuone.

Devota alishampigia bwana samaki. Picha ilikuwepo bado kwenye simu yake, lakini mtandao kule kisiwani hushika juu ya kilima tu, na yeye alikuwa ziwani kwenye doria. Tulingoja. Saa sita akafika nchi kavu, akapanda kilima, akaituma, nayo ikaja imefifia, imesinyaa, kwa sababu simu huzikamua picha ili zipite haraka. Nyota zilikuwa zimeyeyuka kama sukari. Nikamwomba Devota amwambie aitume kama faili, si kama picha. Bwana samaki hakujua hilo linafanywaje. Nilichukua simu nikamwelekeza mwenyewe, bonyeza hapa, sasa pale, huku upepo ukinipulizia sikioni kutoka kileleni. Alikuwa mstaarabu yule baba. Alipanda tena mara ya pili baada ya chaji kwisha. Saa tisa na nusu picha ikaingia, nzima.

Niliikuza. Sasa nilijua ninachokitazama, na mikono haikutaka kugusa kitu. Mzee Projestus alivuta kiti chake, akatoa kalamu mfukoni kwa mazoea, akainyoosha kwenye kidoa cha kwanza. Kisha akairudisha. Nilimpitisha polepole, pembe kwa pembe, nikimweleza alichosema Devota, kwamba kila kimoja ni jua, na vingine huenda vina dunia zinazovizunguka. Tulifika kwenye zile nne. Alizitazama kwa muda ambao sijui niuite mrefu kiasi gani. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini, na kwa hamsini kati ya hiyo alikuwa anawinda vidoa vyeupe.

"Adve," akasema, "hawa chawa wana mwenyewe."

Nilichapa kadi mbele yao. Nilikagua kila karatasi kwa kioo, safari hii kuhakikisha vidoa vipo. Nilimwonyesha Devota kupitia kioo kile kwamba hata picha yenyewe ni vitone, vya bluu, vyekundu, vya njano na vyeusi, vimepangwa karibu karibu, na jicho ndilo linalovifanya wingu. Alikuwa hajui. Alikaa na kioo jichoni mpaka nikahitaji kukidai. Plastiki ya kung'arisha sikuweka, kwa sababu inarudisha mwanga na ingemchoma mwalimu jicho. Kadi ya mwalimu ilibaki karatasi tupu, nene, isiyong'aa.

Jumapili nilikwenda Kamachumu na Devota. Hakuna aliyenialika. Nilimwambia Devota kwamba lazima niende, naye akasogea kwenye kiti cha gari la mfanyabiashara mwenzake lililokuwa linarudi Muleba tupu, likinuka samaki, nikakaa nimeshikilia boksi la kadi mapajani.

Mwalimu Novatus alitupokea amesimama mlangoni, amevaa koti. Alimtambua Devota kwa sauti kabla hajamwona. Mkewe, Mama Editha, akatuletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mnyauko wa migomba, kama inavyopasa. Kisha Devota akapiga goti na kumpa kadi kwa mikono miwili.

Alianza na upande wa jina. Aliisogeza kadi mbele ya jicho lake, huku na huku, mpaka akaipata, akasoma polepole jina lote la Devota, la Kikristo na la ukoo, kwa sauti, na ile kazi yake, mnunuzi na msambazaji. Akasema vizuri sana. Kisha akaigeuza.

Akauliza mlango uko wapi, tukamwongoza penye mwanga. Aliishika ile kadi kwa mkono ulionyooka, akaileta karibu, akaipeleka mbali kidogo, akaiacha hapo. Nilimwona midomo ikihesabu. Moja, mbili, tatu, nne.

"Ni jekundu," alisema.

Mama Editha akauliza nini.

"Wingu. Ni jekundu. Kitabu changu kilikuwa cha kijivu. Nilijua kwa fizikia kwamba lazima liwe jekundu, niliwaambia watoto, gesi ile ikiwashwa inatoa wekundu. Lakini chaki ilikuwa nyeupe. Miaka yote nimelichora jeupe."

Machozi yalikuwa yanamtoka jicho lile lililokufa na lile lililobaki, yote mawili sawasawa, wala hakuyafuta, kwa sababu hakutaka kupoteza mahali kadi ilipokuwa. Devota alikuwa bado amepiga goti. Sijawahi kuona kitu nilichokichapa kikitazamwa namna ile. Unachapa makumi elfu ya vitu, vinafungia vitumbua, vinapotea, na umezoea hivyo.

Sikuweza kukaa na jambo langu. Nilimwambia mwalimu kwamba mimi ndiye mchapaji, na kwamba mara ya kwanza nilizifuta nyota zote, pamoja na zile nne, nikidhani ni uchafu. Nilimwambia bila kujitetea.

Aligeuka upande niliko, ingawa hakuweza kuniona.

"Mwanangu, mimi nimezifuta kwa dasta kila kipindi kilipokwisha," alisema. "Mwalimu wa hesabu alikuwa mlangoni, anautaka ubao."

Halafu akampa mkewe kadi, akamwambia aangalie, hilo ndilo lililokuwa linamchelewesha kurudi nyumbani. Mama Editha alitoa miwani yake, akaangalia kwa makini sana, akasema waitu, jamani, basi ningejua nisingekuwa nakasirika hivyo. Tukacheka wote wanne, mwalimu akacheka kuliko sote.

Devota alirudi kisiwani na kadi zake. Alirudi dukani mara tatu kuchapisha nyingine kabla sijastaafu, na kila mara alileta salamu. Wanunuzi wake wasiojua kusoma walimwita mama wa wingu jekundu, na yeye akawaeleza kila mmoja lile wingu ni nini, atake asitake. Mzee Projestus alifariki, Mungu amweke mahali pema, na kwenye msiba wake nilichapa tangazo mwenyewe, nikalikagua mara mbili jina.

Mwaka jana nilikwenda Kamachumu. Mwalimu Novatus haoni tena kabisa. Nilimkuta amekaa barazani na watu watano sita, majirani na wajukuu, anawafundisha. Alikuwa ameshika ile kadi. Nilipoikaribia nikaona kwamba picha imekwisha. Vidole vimekula rangi yote. Weusi umetoka, wekundu umetoka, imebaki karatasi chakavu yenye rangi ya chai. Yeye hajui. Au anajua, sikuuliza. Alikuwa anaionyesha kwao, hapa ni bawa la kushoto, hapa moshi ni mzito, na wale watu waliinama wakatazama karatasi tupu na kutikisa vichwa, hakuna hata mmoja aliyemwambia. Kila alipofika katikati alibonyeza kwa ncha ya ukucha, mara nne.

Nilikuwa nimemletea kadi mpya mfukoni. Watu walipoondoka nilimwomba kwanza aniazime ile ya zamani. Niliipeleka kwenye mwanga, nikainamisha, sikuona kitu. Kisha nikafumba macho, nikapitisha kidole katikati ya karatasi, polepole, kwa subira ile ile niliyofundishwa kutafutia chawa. Vilikuwepo. Vishimo vidogo vinne, vimebanana, vimechimbwa na ukucha wake kwa miaka, kila kimoja mahali pake hasa.

Nikamrudishia kadi yake. Ile mpya nilirudi nayo nyumbani.